Mbegu za Mama Katika Lundo la Shukrani

Harufu ya majivu yaliyopoa, iliyochanganyika na vumbi la maharagwe makavu, ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu kule Kibabi. Ilikuwa imeingia katika nyasi za paa, katika mablanketi na katika nywele za mama yangu, hata mtu aliyefumba macho angetambua kwamba amefika kwetu. Ilitoka katika kibuyu kikubwa kilichoning'inia juu ya mafiga, mdomo wake umezibwa kwa gunzi la mahindi. Humo ndimo mama alimohifadhi mbegu zake, akizivuruga na majivu ili fukusi wasizitoboe. Kila mwanamke wa vilima vile alikuwa na mbegu zake, nazo hazikuwa za aina moja, bali mchanganyiko wa aina kumi au zaidi, uliotoka kwa mama yake mzazi na kuongezwa kidogo kidogo kwa alichopewa na jirani au alichookota sokoni. Sikuwahi kuona wanawake wawili wenye mchanganyiko unaofanana. Ule wa mama ulitoka Kalembe, alikozaliwa, upande ambako Masisi inakoma na Walikale inaanza. Ulikuwa na maharagwe makubwa ya manjano, meupe yenye jicho jekundu, ya zambarau, yenye michirizi kama manyoya ya kanga, na katikati ya hayo yote, mengi madogo meusi yasiyovutia jicho la mtu. Mama alikuwa na jina la Kihunde kwa kila aina. Mimi leo nayakumbuka matatu tu, na hayo matatu pia sina hakika nayo.

Mama alifariki wakati wa kiangazi, katika miaka ile ya mwanzo ya Uhuru ambapo malori yalikuwa yameacha kupanda njia yetu. Homa ilimshika siku ya soko. Siku ya nne wanaume walimlaza katika kipoyi, machela ya kubebwa mabegani, wampeleke hospitali, na jioni hiyohiyo nikaona kipoyi kikirudi kwa mwendo wa taratibu, mwendo usiokuwa na haraka ya kufika popote. Nilikuwa na miaka kumi. Watoto wawili walionitangulia walizikwa kabla sijazaliwa, kwa hiyo waombolezaji walipotawanyika tulibaki wawili, baba na mimi. Baba hakuwa mtu wa maneno hata mama alipokuwa hai. Sasa aliacha kuzungumza karibu kabisa. Asubuhi niliamshwa na sauti ya jembe lake ng'ambo ya kijito, nami nilijifunza kupima siku kwa sauti hiyo: ikikoma, basi anakuja kula. Tulikula tukiangalia moto. Siku nyingine nilisema jambo lolote tu, kwamba kuku ametaga, kwamba ukungu umechelewa kuondoka, ili nisikie kama sauti yangu bado inatoka.

Mvua zilipoanza, baba alilima shamba lililo karibu na nyumba, akaliacha wazi. Maharagwe kwetu ni kazi ya mwanamke. Mwanamume hulima, kisha hukaa kando. Nilielewa, bila kuambiwa, kwamba mwanamke wa nyumba ile sasa nilikuwa mimi. Nilipanda juu ya kigoda, nikakishusha kibuyu, na kwa siku nne nikapanda peke yangu, punje tatu katika kila shimo, kama nilivyomwona mama akifanya. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuona mwisho wa mstari niliokuwa nikiufuata. Nilizungumza na mama kwa sauti ya chini, si kwa sababu niliamini ananisikia, bali kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine. Nilimaliza kibuyu chote. Sikubakiza hata punje moja, na haikunijia akilini kwamba kuna sababu ya kubakiza. Maisha yangu yote nilikuwa nimekiona kibuyu kile kimejaa.

Hapa sina budi kueleza desturi ya kanisa letu, maana kosa langu lilizaliwa ndani yake. Lilikuwa kanisa dogo la miti na udongo juu ya mgongo wa kilima, likiongozwa na mwalimu mmoja aliyekuwa akifundisha watoto siku za juma na kuhubiri siku ya Mungu. Baada ya kuvuna, hakuna nyumba iliyokula maharagwe mapya kabla ya Jumapili ya shukrani. Siku hiyo mikeka ilitandikwa mbele ya meza ya Bwana, na wanawake wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akamimina kitunga chake mkekani na kusema kwa sauti anachomshukuru Mungu. Maharagwe ya wote yakawa lundo moja. Lundo lile halikuliwa. Kesho yake liligawanywa kuwa mbegu, wakapewa walioolewa karibuni na wale ambao mvua ya mawe ilimaliza mashamba yao. Lakini ugawaji ulikuwa jambo la watu wazima, nasi watoto tulikuwa shuleni au malishoni. Nilichokijua mimi ni kwamba mama alikwenda kanisani na kitunga kilichojaa, na kwamba baada ya siku chache kibuyu nacho kilikuwa kimejaa. Katika akili yangu ya mtoto niliyaunganisha mambo hayo mawili. Niliamini kwamba Mungu ndiye anayerudisha mbegu.

Mavuno yalikuja mwezi wa kwanza. Hayakuwa mengi, kwa sababu mvua ilizidi, na nilikuwa nimepanda kwa mikono midogo. Shangazi yangu, dada wa baba, alipanda kutoka Muheto aje kunisaidia kung'oa na kupiga. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko cha haraka na ulimi wa haraka zaidi, na siku zile alizokaa nasi nyumba ilipata tena kelele. Tulipomaliza kupepeta, alitazama rundo letu dogo uani akashika kiuno.

"Ni hii tu?" aliuliza. "Mama yako alikuwa anajaza kitunga mpaka inamwangika njiani, kuku za bajirani zinamufuata mpaka ku kanisa."

"Mvua ilikuwa mingi, shangazi."

"Sikulaumu, mutoto. Lakini uchague muzuri. Mungu hatumupatiake takataka. Na mbegu, umeshaweka?"

"Nimeweka," nilijibu. Sikusema uongo. Niliamini kwamba nitakachokipeleka kanisani ndicho mbegu, na kwamba nikikichagua vizuri ndivyo nitakavyokiweka vizuri. Shangazi aliridhika. Yeye kwake alikuwa na kibuyu chake, na hakuweza kufikiri kwamba mtu yeyote, hata mtoto, asijue jambo hilo.

Nilichagua kwa siku tatu. Nilikaa mlangoni penye jua, ungo mapajani, nikitenga punje moja moja: ya manjano huku, meupe huku, yenye michirizi huku. Sijui kama nimewahi kufanya kazi nyingine kwa upendo kama ule. Kila punje nzuri niliipangusa kwa ncha ya kitenge cha mama. Yale madogo meusi, na ya kahawia yaliyokunjamana, niliyasukuma kando pamoja na yaliyovunjika. Siku ya tatu kitunga kilijaa sawasawa, kiking'aa kama shanga, na kando yangu likabaki fungu la meusi. Baba alipita, akasimama, akatazama kitunga kwa muda mrefu.

"Utakuja, Papa?" nilimuuliza. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga kanisani.

"Nitamushukuru Mungu juu ya nini?" alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza njia. Kisha akachukua jembe akaenda.

Jumapili ile nilitembea peke yangu na kitunga kichwani, shangazi akinitangulia na chake alichotoka nacho Muheto. Ndani ya kanisa kulikuwa na harufu ya nyasi zilizolowa na ya watu wengi waliotoka mbali. Wanawake walimimina na kusema. Mmoja alishukuru kwa mtoto aliyepona, mwingine kwa mumewe aliyerudi kutoka barabara ya Walikale bila kuguswa na askari, mwingine kwa mbuzi aliyezaa mapacha, na watu wakacheka kwa furaha. Ilipofika zamu yangu nilipiga magoti na kumimina. Maharagwe yangu yalishuka juu ya lundo kama mvua ya rangi, na nikasikia watu wakivuta pumzi kwa kustaajabu. Nilifungua kinywa. Nilikuwa nimejiandaa kumtaja mama, kushukuru kwa ajili ya miaka niliyokuwa naye, kama mwalimu alivyotufundisha. Sauti haikutoka. Nilimwona kila mtu akiningoja, na nikaona kwamba sikuwa na shukrani yoyote moyoni, ila njaa ya kurudishiwa. "Asante Mungu juu ya maharagi," nilisema mwishoni, nikarudi kukaa kwenye nafasi ambayo pande zake zote mbili zilikuwa tupu. Shangazi alikuwa ameondoka mara baada ya kumimina chake, awahi kutupikia maharagwe mapya ya kwanza.

Baada ya ibada, bibi kizee mmoja ambaye kilima kizima kilimwita Koko alinishika bega. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama jani la mgomba lililokauka. Alikuwa amechota punje zangu chache, akizigeuza kiganjani.

"Hii iko ya mama yako," alisema. "Namna gani iko mizuri tupu? Ile nyeusi iko wapi, ile ndogondogo?"

"Iko nyumbani, Koko. Ile iko mibaya."

"Mibaya!" Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mutoto, hii ya manjano inapenda jua. Mvua ikizidi, inaoza. Ile nyeusi njo ya mvua. Moja ikikufa, ingine inakulisha. Mama yako alikuwa anajua. Na sasa ya kupanda, umeweka gani?"

Nilionyesha lundo. Nilimwambia kwamba Mungu atairudisha. Koko hakunicheka. "Kenye kinamwangwa hapa hakirudi kwa mwenyewe," alisema taratibu. "Kinaenda kwa benye hawana. Kimbia nyumbani, mama. Ile nyeusi, itundike juu."

Nilikimbia. Nilianguka mara mbili kwenye matope ya mteremko. Kabla sijafika uani nilisikia harufu, harufu tamu ya maharagwe mapya yanayochemka, harufu ambayo kila mtoto wa Masisi anaipenda. Shangazi alikuwa amejipinda juu ya chungu akiimba. "Umekuja! Ile yenye uliacha, nimeitia yote, leo tutashiba," alisema, na alipoona uso wangu akaacha mwiko. Nilimweleza nikilia. Alipiga mapaja yake kwa mikono miwili. "Yesu wangu! Uliniambia umeweka!" alipaza sauti. Kisha akakaa chini kwenye majivu, mwanamke mzima yule, akafunika uso kwa kitenge.

Baba alikuwa ameketi nyuma ya nyumba na alisikia kila kitu. Alikuja, akatazama chungu, akatazama kibuyu tupu kilichoning'inia juu yake. Nilingoja anipige, na nadhani ningefarijika kama angenipiga. Badala yake alitoka nje, akaenda mahali tulipopigia maharagwe, akapiga magoti na kuanza kupekua udongo kwa vidole. Nilimfuata. Kwa saa nyingi tulitambaa pale wawili, tukichambua makapi na kokoto, tukifukuza kuku. Alipopata punje aliniwekea kiganjani. Kila moja aliipangusa udongo kwanza, kama mimi nilivyozipangusa zile nzuri mlangoni. Hapo ndipo nilipofahamu, mara ya kwanza tangu kiangazi, kwamba hata yeye alikuwa amepoteza mtu. Mpaka giza linaingia tulikuwa tumepata punje zisizojaza kikombe, na nusu yake zilikwisha kuvimba kwa unyevu.

Asubuhi ya kesho yake baba alivaa koti lake la kanisani na kuchukua kofia. Shangazi alielewa kabla yangu, akasimama mlangoni. "Kaka, bantu batasema nini? Muke wako amekufa, na sasa unaenda kuomba mbegu ya wamasikini? Nitakuletea yangu ya Muheto."

"Ya Muheto iko yako," baba alisema. "Ya muke wangu iko kule." Akampita, nami nikamfuata.

Kanisani walikuwa wameanza kugawa. Mazungumzo yalikatika tulipoingia. Mwanamume mmoja aliyekuja kumsindikiza binti yake aliyeolewa karibuni alisema, nusu kwa mzaha, "Tangu lini wanaume banaomba maharagi?" na mkewe akamjibu palepale, "Nyamaza weye! Miye nikikufa, utapanda mawe." Watu walicheka, na kicheko kile kilipunguza kitu kizito kilichokuwa hewani. Baba alivua kofia. Alisema kwamba mtoto wake alileta yote, kwamba nyumbani hakukubaki kitu, kwamba anatafuta mbegu. Maneno hayo yalikuwa mengi kuliko yote niliyomsikia akisema kwa miezi mitano. Mwalimu alisitasita, maana lundo lilikuwa la waliokosa mavuno, nasi tulikuwa tumevuna. Koko ndiye aliyejibu. Alisema kwamba mwaka mvua ya mawe ilipomaliza shamba lake, alipewa kutoka mkekani mbegu za mama yangu, na kwamba tangu hapo kila alichokimimina pale kilikuwa na mbegu hizo ndani. Mwanamke mwingine akasema vilevile juu yake mwenyewe, na mwingine. "Hii yote iko na ya Mama Riziki ndani," Koko alimaliza, akimwita mama kwa jina langu. "Papa, leta kofia. Chota."

Baba alipiga magoti, akachota kwa mikono miwili. "Aksanti," aliwaambia wanawake. Mwalimu alimngoja aongeze neno, aseme pia asante kwa Mungu. Baba hakuongeza. Alisimama na kofia kifuani, machozi yakimshuka, tukarudi nyumbani.

Ningependa kuandika kwamba nilifarijika. Sikufarijika. Nilimimina kofia ile juu ya mkeka na kuanza kutafuta mchanganyiko wa mama kwa kumbukumbu: nyeusi kiasi hiki, manjano kiasi hiki, na hizi ndefu nyekundu ni za nani, na hii ya kijivu imetoka wapi? Meusi yalikuwamo mengi, kumbe kilima kizima kilikuwa nayo. Lakini niliyajua yale yetu kwa idadi, kwa jinsi yalivyokaa pamoja kiganjani mwa mama, na idadi hiyo sikuipata. Baba aliniacha nihangaike mpaka jua likapinduka. Kisha akaja, akapitisha mkono wake mkubwa juu ya mafungu yangu yote, akayavuruga. "Wacha," alisema. "Itajipanga yenyewe mu udongo." Tulipanda wiki ile, yeye akichimba mashimo na mimi nikitia punje, kazi ambayo wanaume wa Kibabi hawakuifanya. Yaliota. Mvua ilizidi tena, yale ya manjano yakaoza mengi, na meusi yakatulisha.

Mwaka uliofuata nilipelekwa shule ya bweni ya misioni, na toka hapo maisha yangu yalikuwa ya kuondoka: sekondari, kisha chuo kikuu, kisha mji huu wa Bukavu ambako nafundisha na kuishi katika nyumba isiyonuka kitu. Baba hakuoa tena. Aliendelea kupanda maharagwe mwenyewe, akachekwa, kisha wakamzoea. Kila mwaka alikwenda kanisani Jumapili moja tu, ile ya mikeka, akamimina na kunyamaza, na walimu waliobadilishana pale walijifunza kutomngojea maneno. Mambo haya niliyasikia kwa watu. Vurugu za miaka ya karibuni zilipomwondoa kwenye kilima kile alikuwa mzee, akafia kwa jamaa pembeni mwa Goma, na shamba letu sasa ni malisho ya ng'ombe wa mtu nisiyemjua.

Kanisa ninalosali leo lina vipaza sauti, na Jumapili ya shukrani hapa watu hutoa katika bahasha zilizofungwa, ambazo hakuna jirani anayejua ndani yake kuna nini wala zinamwendea nani. Huniita mbele mara nyingi, kwa kuwa ni msomi, niwaombee waliotoa. Najua kusema. Nayapanga maneno vizuri, namshukuru Mungu kwa uhai, kwa elimu, kwa safari zote, na watu huitikia amina. Lakini hakuna aliyewahi kunipa kitu pale mbele ya macho ya wote, na mimi sijawahi kumpa mtu kitu ambacho ningekililia, kwa hiyo nashuka jukwaani mtupu kama nilivyopanda, kisha naenda kula chakula cha mchana peke yangu. Nimetambua, nikiwa nimechelewa sana, kwamba katika utoto wangu wote niliona shukrani moja tu ya kweli, ile ya mtu aliyepiga magoti na kofia yake mbele ya wanawake. Baada ya siku ile baba alizilea zile mbegu kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilimwandikia barua nyingi katika miaka hiyo, nikimweleza mitihani, vyeti, na baridi ya mabweni. Sikumuuliza hata mara moja kama maharagwe yameota.